Nusu ya Mtu, Ukingo wa Kulia

Mwalimu Chitanda wa Rasbura kaja na flashi,
picha kumi na saba za zamani.
"Zisafishe," kasema, "ni za maonyesho ya shule,
na bei usinikaze."
Nimezifungua moja moja, feni ikilalamika juu.

Manowari ndani ya ghuba yetu.
Nimeitambua Lindi kwa mgongo wa kilima cha Kitunda,
bado kimeinamia maji
kama mtu anayetafuta pete.
Dohani tatu. Juu yake doa,
sijui ni moshi au kuvu ya kabati la watu.

Picha ya nne, wanafua.
Suruali imeanikwa juu ya mzinga,
mguu huku, mguu huku,
na kijana mwenye masikio makubwa anakamua soksi
kwa uso wa mtu anayewaza kwao.
Nimecheka peke yangu dukani.
Picha ya tisa, mzinga uleule, hauna suruali.
Umeelekezwa mjini.

Ya kumi na moja ndiyo iliyonikalisha.
Mabaharia arobaini na wawili kwa mistari,
wa mbele wameketi, mikono magotini,
mpishi kapakata paka.
Chini, kwa wino wa mkono wenye subira,
kila mtu na jina lake, kila jina na cheo chake.
Hata paka ana jina.
Halafu pembeni, wanaume wenye makapu,
vumbi limewavaa hadi kwenye nyusi,
tisa na nusu.
Nasema nusu, maana wa mwisho kakatwa na ukingo wa kulia:
jicho moja, bega moja,
mkono mmoja kwenye mpini wa kapu,
goti moja linang'aa jasho.
Hao wote wameandikiwa neno moja,
nalo ni "makaa".

Nimekuza. Asilimia mia mbili. Mia nne.
Ukimkuza sana mtu anakuwa mchanga.
Nikarudi nyuma mpaka akawa mtu tena.

Saa saba nikafunga duka,
nikaipeleka kwa Bibi Somoe binti Likwena,
anamenya ming'oko, kisu kidogo, maganda mapajani.
Kwake kuna kijiko chenye nanga mgongoni,
kimetunywesha dawa ya minyoo ukoo mzima.
Babu yake alitoka nacho melini.
"Alipewa?" tulikuwa tunauliza.
"Alitoka nacho," anajibu,
na mazungumzo yanaishia hapo kila mwaka.

Kaishika karatasi mbali, kisha karibu.
Kaifunika meli kwa kiganja,
dohani, mabaharia, paka,
akabakiza ile nusu.
"Bega ni hili," kasema.
"Lakini mabega ya kubeba yanafanana.
Babu mkono wa kushoto alikuwa na vidole vinne.
Nionyeshe wa kushoto."

Wa kushoto uko nje ya picha.

"Basi mwambie mpigaji asogee kidogo."
"Bibi, amekufa zamani."
"Wote wamekufa zamani. Nimeomba asogee tu."

Nimerudi, nimeichapa upya.
Ukingo wa kulia nimeacha weupe, shubiri nzima,
ambapo bega la pili lingefika, na kiwiko,
na vidole, vinne au vitano,
vikishika upande wa pili wa kapu.
Sikuchora kitu. Ningeweza;
kompyuta siku hizi inaota hata mikono.
Lakini ningemhesabia vingapi?

Chitanda atalipia kumi na saba.
Hii ya kumi na nane sijamwambia.

Bibi Somoe kaitandaza barazani, juu ya jamvi.
Upepo wa ghubani ukaanza kuichezea.
Kaingia ndani, katoka na kijiko,
kakilaza juu ya ule weupe,
nanga chini,
akarudi kwenye ming'oko yake.
Tangu hapo upepo ukija
karatasi inapepea upande wa meli tu.